Kwinini ya Amani, Mabega ya Wapagazi

Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilijipenyeza hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, manowari ya Kiingereza ikiwa nyuma yake. Ilipigwa mizinga, ikawaka moto, ikakaa kwenye kina kifupi. Waingereza walipoondoka, wapiga mbizi walizama na kuopoa bunduki na risasi nyingi zilizolowa maji ya chumvi. Ikabidi risasi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, kisha zifungwe upya.

Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilikuwa limezingirwa kutoka baharini. Lakini baruti haikuwa shida pekee, kwa maana malaria iliangusha watu wengi bila risasi hata moja kufyatuliwa.

Jibu lilitoka Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Kituo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichoanzishwa huko mwaka 1902 kilikuwa na mikwinini, miti yenye asili ya Amerika Kusini ambayo gome lake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya seli nyekundu ya damu hula himoglobini. Mabaki ya mlo huo ni sumu kwake, hivyo huyageuza kuwa fuwele zisizokidhuru. Kwinini, kwa kadiri wanasayansi wanavyoelewa, huvuruga kazi hiyo, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Vidonge vilipokuwa adimu, gome lilichemshwa porini na askari wakanywa maji yake, machungu kupita kiasi. Miti hiyo haikupandwa kwa ajili ya vita. Utafiti wa miaka ya amani ndio uliolibeba jeshi ambalo meli hazikuweza kulifikia.

Usafirishaji nao ulikwamishwa na mdudu. Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa mifugo, na farasi na nyumbu wa majeshi ya Uingereza walikufa kwa maelfu. Mzigo ukahamia kwenye mabega ya watu. Hapo hesabu ni katili: mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku, akienda siku kumi na kurudi siku kumi, atafikisha kilo tano tu kwa askari walio mbele. Ndiyo maana pande zote mbili ziliwakamata wanaume wengi kiasi kile, na ndiyo maana wapagazi waliokufa, hasa kwa kuhara, nimonia na utapiamlo, ni makumi ya maelfu. Kambi yao Dar es Salaam ndiyo Kariakoo ya leo.

Vitabu vingi humsifu Lettow-Vorbeck kwa kuhimili hadi Novemba 1918. Sifa hiyo inaacha nje waliolipia uhimilivu huo. Huko Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima. Mvua zilipokosekana, njaa iliyoitwa Mtunya ikawaua watu hadi baada ya vita kwisha.