Ice Lions: Timu ya Nairobi Iliyokosa Mpinzani

Nairobi hakuna theluji, lakini kuna timu ya hoki ya barafu. Inaitwa Kenya Ice Lions, na kwa miaka shida yake haikuwa kufungwa mabao. Shida ni kwamba nchini hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo!

Kutoka lami hadi barafu

Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka wa 2005. Ni mdogo kuliko uwanja rasmi wa mchezo huu. Wageni kutoka Kanada na Marekani walicheza pale, na vijana Wakenya wakajiunga, wengi wao wakiwa tayari wamezoea viatu vya magurudumu. Kusukuma miguu ni kule kule. Kusimama ndiyo kazi: barafuni hakuna breki ya mpira, unageuza miguu upande mpaka chuma kikwaruze barafu.

Ice Lions walijipanga kuwa timu 2016. Mwaka wa 2018, wachezaji 12 walisafirishwa hadi Kanada kwa mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Huko wakashtukia mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiingia wamevaa jezi ya Kenya, kucheza upande wao.

Halafu 2020 Korona ikafunga uwanja, na barafu ikakosekana kwa muda mrefu. Hata hivyo timu haikufa. Mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu.

Na pesa je?

Timu ya ridhaa haina mshahara, lakini gharama haziishi: kofia, glovu, vifaa vya kipa, nauli, saa za uwanja. Timu nyingi za mtaani huvunjika kwa sababu ya maswali ya pesa, si kwa kupigwa mechi. Kama mna timu, ya hoki au ya kandanda, fanyeni hivi:

- Changeni kabla ya mechi. Tuseme uwanja ni shilingi 6,000 na mko 12. Kila mtu ni 500. Wawili wakikosa kulipa, wale 10 waliobaki watatoa 600 kila mmoja, na hapo ndipo manung'uniko huanza.
- Msitumie laini ya mtu binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi. Mweka hazina akihama au simu ikiibwa, pesa zinabaki za timu.
- Soma jina kwanza. Kabla ya kukamilisha malipo, hakikisha jina linalotokea ni la timu yenu.
- Tumeni taarifa ya akaunti kila mwezi. Iwe nzima, kwa wanachama wote, hata kama hakuna aliyeuliza.
- Angalia salio, si SMS tu. "Mfadhili" akidai ametuma pesa nyingi kimakosa na anataka umrudishie, usitume chochote. Hakikisha kwanza kama pesa zimeingia kweli, kisha piga huduma kwa wateja.

Ice Lions walikaa miaka bila mpinzani, na baadaye bila barafu, lakini walibaki pamoja. Yenu isivunjwe na mia tano ambayo hakuna anayejua iko wapi.