Mashua Ndani ya Maabara

Neno "mashua" limewahi kuwafundisha wanasaikolojia wa Marekani jambo ambalo walimu wetu wengi hawajalisikia. Watafiti wa kumbukumbu huko wanayapenda maneno ya Kiswahili: yameandikwa kwa herufi za Kilatini, yanatamkika, na mwanafunzi wa kawaida hajui hata moja. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili, na maana zake kwa Kiingereza, kwa ajili ya majaribio ya kumbukumbu.

Jaribio lililotia fora ni la Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, lililotoka katika jarida la Science mwaka 2008. Wanafunzi wa chuo walipewa maneno 40, wakayasoma, kisha wakaulizwa: mashua ni nini? Mtu akishalipata neno mara moja, njia ziliachana. Kuna walioendelea kulisoma bila kuulizwa tena, na kuna walioendelea kuulizwa bila kulisoma tena. Baada ya wiki moja, hawa wa kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Wale wa kusoma tu waliambulia kama asilimia 36. La ajabu, walipotakiwa kukisia mapema watakumbuka mangapi, makundi yote yalitaja karibu nusu. Jicho likishalizoea neno, mtu hudhani amelijua.

Basi ule mtindo wa kukesha ukilipitia daftari lilelile, tuliolelewa nao wengi wetu, ni jasho la bure. Funika safu ya maana kwa kiganja, ujiulize, ukosee, ndipo ufunue.

Lakini maneno 40 si lugha. Yule kijana wa Marekani anaijua mashua. Mwambie sasa aseme "mashua zetu mbili zimezama", uone ngeli zitakavyomhangaisha. Mwaka 1985 Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliofundishwa masomo kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Kwa kusikia na kuelewa walikaribiana na wenye lugha, ila wakizungumza au kuandika, sarufi iliwaponyoka. Swain aliona kwamba hawakusukumwa vya kutosha kusema wenyewe.

Nasi tuna kosa letu. Mgeni akianza kubabaika kwa Kiswahili, tunamwonea huruma na kumgeuzia Kiingereza. Safari ijayo, mwache amalize sentensi yake.