Paa Huanza Kung'oka Kwenye Veranda

Katito, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay na Homa Bay, inajengeka haraka. Ukitoka sokoni na kuingia vijijini utaona jambo linalojirudia boma baada ya boma: nyumba ya miaka mingi yenye kuta imara, na mbele yake veranda iliyoongezwa juzi juzi. Nguzo nne, mbao chache, mabati mapya yanayong'aa kando ya yale yaliyoshika kutu. Mwulize mwenye nyumba kama aliomba kibali cha kaunti, atashangaa. Kibali cha nini, na boma ni la baba yake, na alichoongeza ni kivuli tu cha kukalia jioni?

Kivuli hicho ndicho sehemu ya nyumba ninayoihofia kuliko zote.

Mchana, upepo wa ziwani huingia nchi kavu na kukutana na ule wa mashariki unaoteremka kutoka nyanda za juu. Hapo ndipo huzaliwa zile dhoruba za alasiri tunazozijua, zenye radi, mara nyingine na mvua ya mawe. Watu wengi huamini kwamba upepo huangusha paa kwa kulisukuma. Kwa paa jepesi la mabati, hatari kubwa zaidi ni kuinuliwa. Upepo unapopita juu ya paa hulifyonza kuelekea angani, hasa ukingoni na pembeni. Na veranda iko wazi mbele, kwa hiyo upepo huingia chini yake, ukakuta ukuta wa nyumba umefunga njia, ukabaki kusukuma mabati kutoka chini. Nguvu mbili zinafanya kazi upande mmoja, kama mwavuli uliogeuzwa na tufani.

Tupige hesabu. Upepo wa kilomita 50 kwa saa una nguvu ya takriban kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba. Ukifika kilomita 100 kwa saa, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, ikawa karibu kilo 48. Veranda ya mita 6 kwa 2 ina mita 12 za mraba, kwa hiyo upepo huo unaweza kuivuta juu kwa zaidi ya kilo 570. Mabati na mbao zake kwa pamoja huenda zisizidi sana kilo 100. Kilo zilizobaki zinazuiwa na nini? Na misumari, na nguzo, na mkanda wa chuma ambao mafundi huuita hupu aini, kama ulifungwa.

Mara nyingi haukufungwa. Simama ndani ya veranda yako, inua macho pale kenchi au boriti inapokaa juu ya ukuta au nguzo. Utakachokiona kwenye nyumba nyingi ni msumari mmoja au miwili iliyopigwa kwa mshazari, basi. Msumari laini ukiingizwa kwenye mkaratusi mbichi hushika vizuri siku hiyo. Mbao ikikauka, inasinyaa, tundu linalegea, na msumari unabaki umening'inia tu. Kinachotakiwa ni mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye lenta wakati zege ikiwa mbichi, ukazungushwa juu ya mbao na kupigiliwa pande zote mbili. Mkanda huo ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na mabati. Lakini ukishamaliza ujenzi bila kuuweka, kuupachika baadaye ni kazi ya kutoboa ukuta.

Kosa la pili ni lile la kurefusha paa la nyumba likawa paa la veranda, kipande kimoja cha mbao kutoka kileleni hadi kwenye nguzo. Fundi hulipenda kwa sababu maji hayavuji kwenye kiungo. Tatizo ni kwamba dhoruba ikiing'oa veranda, huondoka na paa la chumba cha kulala pia. Ni afadhali paa la veranda liwe chini kidogo, limejitenga, na lina kiungo chake. Likienda, liende peke yake.

Kisha kuna udongo. Hapa kwetu, Nyakach ya chini na nyanda za Kano zina udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kusinyaa kiangazi hadi nyufa zake zikaweza kumeza mkono. Nyumba ya zamani ilichimbiwa msingi wa kina kiasi, na udongo ulio chini yake umeshatulia. Nguzo ya veranda imesimikwa kwenye shimo la futi moja na nusu, pembeni kabisa mahali maji ya paa yanapomwagikia. Msimu wa mvua inainuliwa, kiangazi inashuka, nyumba haitikisiki. Baada ya misimu michache kiungo kati ya nyumba ya zamani na veranda mpya kinafunguka. Ukiona ufa wima pale veranda inapogusana na nyumba, mpana juu kuliko chini, usiupake saruji ukasahau. Chimba uone msingi wa nguzo umefika wapi.

Kwa wenye nyumba za ghorofa kando ya barabara, roshani za zege zina ugonjwa wao. Roshani inayoning'inia bila nguzo huvutika upande wa juu, kwa hiyo nondo zake kuu lazima ziwe juu. Fundi aliyezoea sakafu za kawaida huziweka chini. Au anaziweka juu vizuri, kisha vibarua wanaomwaga zege wanazikanyaga hadi zinalala. Zege ikishakauka hakuna anayeweza kuona kilichotokea ndani.

Hapo ndipo maana ya kibali inapoonekana. Kipande cha karatasi hakizuii upepo. Lakini ukaguzi unaoambatana nacho humleta mtu wa pili kutazama msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla hazijafunikwa, na viungo vya paa kabla ya mabati. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeanza kujenga apate kwanza idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kanuni za ujenzi tulizozitegemea tangu 1968 nazo zimebadilishwa: kanuni mpya za kitaifa zilichapishwa 2024 na kuanza kutumika Machi 2025.

Tunaposikia habari za majengo mabovu tunakumbuka Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa 6 lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu karibu 50. Maafa kama hayo huleta tume na waandishi wa habari. Paa la veranda likiruka na kumkata mtoto wa jirani kijijini, halihesabiwi na yeyote.

Nakubali kwamba malalamiko ya wananchi yana msingi. Kwenda Kisumu, kumlipa mchoraji wa ramani, kulipa ada, kisha kusubiri, yote kwa ajili ya veranda, ni mzigo kwa mtu anayejenga kwa mauzo ya mchele au samaki. Kaunti inaweza kuupunguza: ichapishe michoro ya mfano ya veranda na mapaa madogo, iitoe bure katika ofisi za Nyakach, na ada ya kazi ndogo iwe ndogo kweli.

Wakati tunasubiri hilo, wewe unayemwita fundi wiki hii unaweza kufanya jambo moja. Mwambie asipigilie bati hata moja kabla hujapanda ngazi na kuuona mkanda wa chuma kwenye kila nguzo na kila kenchi, na usimalizie malipo yake kabla hujauona.