Nyama za Pua: Kupunguza, Si Kung'oa

Mjini Morogoro mtu akiziba pua miezi na miezi, hukumu hutolewa kabla hajafika hospitali: ana nyama za pua. Hukumu ya pili hufuata papo hapo: akakatwe. Jina hilo moja limebeba maradhi kadhaa. Kwa mtoto anayelala mdomo wazi, mara nyingi ni adenoidi, iliyojificha nyuma ya pua, juu ya koo. Kwa mtu mzima yaweza kuwa polipu, vivimbe laini mithili ya zabibu iliyomenywa. Au ni tabineti zilizovimba, ambazo ndizo za sura hii. Hizi hazikuota. Kila mtu amezaliwa nazo.

Kila upande wa pua una tabineti tatu, moja juu ya nyingine kama rafu. Ya chini ndiyo kubwa, na ndiyo msumbufu. Ndani yake mna kifupa chembamba kilichojikunja; juu ya kifupa kuna nyama yenye mishipa mingi ya damu, inayojaa na kunywea kama sifongo; na juu ya yote, utando wenye ute. Mwaka 1895 daktari Mjerumani Richard Kayser alieleza kwamba hata katika pua yenye afya tabineti hupokezana zamu: za upande mmoja hujaa huku za upande wa pili zikinywea, na baada ya saa chache hubadilishana. Ndiyo maana tundu moja huweza kuwa zito bila ugonjwa wowote.

Kazi ya tabineti Mluguru ataielewa upesi. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, kule Kinole na Matombo, hupoa, ikamwaga mvua inayoujaza mto Ruvu. Pua hufanya vivyo hivyo kila unapotoa pumzi. Hewa ya moto yenye mvuke kutoka mapafuni hugusa tabineti zilizopozwa na pumzi iliyotangulia kuingia, na sehemu ya mvuke hugeuka maji na kubaki. Ukivuta tena, maji hayo pamoja na joto la damu huiandaa hewa mpya, hata baridi ya alfajiri ya Mgeta ifike kooni ikiwa vuguvugu.

Kinachozivimbisha kwa muda mrefu mara nyingi ni mzio: wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho walio kwenye godoro, chavua, manyoya ya wanyama. Moshi wa kuni huongeza adha. Kisha yapo matone ya kuzibua pua, kama zailometazolini. Hubana mishipa ya damu, na pua hufunguka ndani ya dakika chache. Yakitumika kwa wiki kadhaa, pua huziba upya kila nguvu ya dawa inapokwisha, na mtu hutia tena. Dawa imekuwa ugonjwa.

Matone hayo hayo, mkononi mwa daktari wa masikio, pua na koo, ni kipimo. Akiyatia na pua ikafunguka, kizuizi ni nyama iliyojaa damu. Isipofunguka, huenda ni mfupa, au ukuta wa kati uliopinda. Kwa mzio huanza na dawa ya steroidi ya kupuliza, itumiwe kila siku kwa wiki kadhaa, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Dawa zikishindwa, ndipo upasuaji. Hufanywa kupitia tundu la pua, kwa ganzi au nusu kaputi, bila kovu usoni. Njia moja ni kuchoma sindano ndani ya nyama na kuipasha joto kwa mawimbi ya redio. Kovu la ndani huivuta isinyae kwa wiki kadhaa. Nyingine ni kufungua upenyo mdogo mbele, kuondoa sehemu ya nyama na mfupa, na kuuacha utando. Pua huziba kwanza kwa magamba na uvimbe, na damu yaweza kutoka. Mzio usipotibiwa, uvimbe huweza kurudi.

Kwa nini tabineti zisiondolewe zote? Huko nyuma wapasuaji wengi walifanya hivyo. Mwaka 1994 Eugene Kern na Monika Stenkvist, wa Mayo Clinic nchini Marekani, waliipa jina la "pua tupu" hali ya wagonjwa wa ajabu: njia nyeupe, nao wanalia kwamba hawapati hewa. Hisia ya kupumua huletwa na neva zinazoonja ubaridi wa hewa inayopita juu ya utando. Ndiyo maana mentholi humfanya mtu ajione amezibuka, ilhali njia haijapanuka hata kidogo. Utando ukiondoka, hewa hupita bila kuhisiwa, na pua hukauka.

Kwa hiyo anayekwenda kupasuliwa asiulize tu watakata kiasi gani. Aulize: "Dokta, mtanibakizia kiasi gani?"