Mto Uliozama Haujakauka

Wakazi wa Nakuru na viunga vyake wana vitenzi viwili wanavyovitumia kana kwamba ni pacha: kukauka na kuzama. Mto Njoro unapotoweka machoni wakati wa kiangazi, husemwa kuwa umekauka. Mwalimu huandika hivyo ubaoni, mwanafunzi hunakili daftarini, naye dalali wa ardhi hufurahi, maana kiwanja kikavu kina bei nzuri. Taaluma yangu ni isimu. Hata hivyo, nathubutu kudai kwamba kosa hili la msamiati laweza kumgharimu mtu nyumba yake.

Mto Njoro huanzia katika misitu ya Mau ya Mashariki, ukateremka takriban kilomita 60 kuelekea Ziwa Nakuru. Kadiri unavyolikaribia ziwa ndivyo maji yake yanavyopungua. Ni kweli kwamba jua huyanyonya na binadamu huyateka, lakini sehemu yake huzama ardhini. Sakafu ya Bonde la Ufa imepasuliwa na nyufa nyingi zielekeazo kaskazini na kusini, na juu ya nyufa hizo pametandazwa majivu na mawe mepesi yaliyotemwa na volkano, Menengai ikiwa mojawapo. Maji hupenya humo kama yapitavyo katika chekeche, kisha yakaendelea na safari yake gizani.

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia mahandaki ambamo mtu angeweza kupiga makasia. Kule London, Uingereza, Mto Fleet ulifunikwa na wanadamu kwa matofali, na hadi leo unapita chini ya barabara ukiwa mfereji wa majitaka. Sisi nasi tuna mtaa uitwao London hapa Nakuru, lakini mito yetu ya chini haikufunikwa na mwashi yeyote. Ni maji yapitayo katika mishipa ya miamba, mara nyembamba mara pana.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Naivasha. Ziwa lile halina mto hata mmoja unaoonekana ukitoka, ilhali maji yake ni baridi, si ya magadi kama ya Nakuru na Elmenteita. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea lingepaswa kuwa chungu kwa chumvi. Siri ni kwamba Naivasha lina mlango wa nyuma: maji yake huvuja chini kwa chini, mengine yakielekea kusini, mengine kaskazini, yakiondoka na chumvi. Yanayofika Olkaria hukutana na miamba ya moto na kurudi juu yakiwa mvuke, ambao tangu mwaka 1981 umekuwa ukizalisha umeme. Huenda taa ambayo mwanafunzi anaisomea usiku inawashwa na mto asioujua.

Majuzi niliandamana na vijana wawili, wenyeji wa upande wa magharibi wa mji, ambao wana mazoea ya kuzifuata nyufa hizi kila baada ya masika. Hawana vyombo vya kupimia, ila macho na kumbukumbu. Walinionyesha mahali ambapo ua ulikuwa umepinda, mahali ambapo mpapai ulikuwa umedidimia, na shimo lililojazwa kifusi mara mbili likafunguka tena. Mzee mmoja aliyechimba visima ujanani mwake alitukuta hapo, akaniuliza kama mwalimu amekuja kununua. Nilipomjibu kuwa nimekuja kutazama tu, alicheka na kusema kwamba wanunuzi ndio waliopaswa kuja kutazama.

Maneno yake yana maana pana. Maji yapitayo chini huyachukua majivu punje kwa punje hadi udongo wa juu ukabaki kama dari isiyo na nguzo. Mvua kubwa ikinyesha, dari huporomoka. Mwezi Machi 2018, ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya ng'ambo yalitangaza kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili, ilhali wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba mvua ilikuwa imeyasomba majivu yaliyoujaza ufa wa kale. Wahenga walitufunza kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ardhi yetu, hata anayeuziba kwa kifusi huenda akaujenga ukuta wake mara ya pili.

Na tusisahau kwamba maji yana tabia ya kurudi. Ziwa Nakuru lilikuwa na eneo la takriban kilomita mraba 40 mwaka 2010. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60 na kumeza nyumba na mashamba yaliyodhaniwa kuwa nchi kavu.

La kusikitisha ni kwamba lugha za wenyeji zilikwisha kuyataja haya. Jina Njoro hunasibishwa na neno la Kimaasai enchoro, yaani chemchemi, nalo Nakuru na neno lenye maana ya mahali pa vumbi. Yaweke majina hayo sambamba: juu chemchemi, chini vumbi. Hiyo ni ramani nzima ya mto unaozama, iliyohifadhiwa vinywani kabla reli haijafika hapa mwaka 1900.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na majiji huvuta wajenzi. Kwa hivyo, nawaomba walimu wa Jiografia na wa Kiswahili washirikiane. Wanafunzi na watumwe kwa wazee kukusanya majina ya makorongo, visima na mashimo, pamoja na sababu za majina hayo, kisha wayachore katika ramani ya mtaa wao. Ramani hiyo na ibandikwe mahali ambapo mzazi anayetaka kununua kiwanja ataiona. Na mwanafunzi akiandika katika insha yake kwamba mto umekauka, mwalimu amwulize kwanza: una hakika, au umezama?