Mpangaji Anapochelewa Kulipa Kodi: Haki za Pande Mbili

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Kutoka Kunduchi na Bunju, kupita Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini, nyumba za kupanga zimeongezeka sana, na magomvi ya kodi nayo yameongezeka. Mengi humfikia imamu wa msikiti kwanza. Mwenye nyumba anauliza: Je, nimtoze faini? Nifunge mlango kwa kufuli? Nizuie vyombo vyake? Mpangaji naye anasema hana kitu. Wala tusidhani kila mwenye nyumba ni tajiri. Huenda ni mjane ambaye vyumba viwili vya uani ndivyo vinavyomlisha. Basi tuutazame mkataba wenyewe kwanza, kisha tuziangalie haki za kila upande.

Mkataba
Ijara ni kuuza manfaa ya kitu kwa malipo maalumu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, ni lazima muda na malipo vijulikane. Ndiyo maana kupangisha kwa "kila mwezi kiasi fulani" bila kutaja mwisho hakusihi katika kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii, na mpangaji atalipa kodi ya mfano (ujratul mithl) kwa muda aliokaa. Mahanafi wameusihisha kwa mwezi wa kwanza, kisha kwa kila mwezi unaoanza. Njia ya kuepuka hitilafu hiyo ni nyepesi: andikeni miezi sita au mwaka, kisha mgawe malipo kwa tarehe. Kodi ya nyumba inajuzu kulipwa mbele au baadaye, kama walivyokubaliana. Wasipotaja chochote, hudaiwa papo hapo.

Hapa wavuvi wana jambo lao. Anayevua dagaa kwa taa hutegemea usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mapato hupungua. Haifai kuandika kwamba atalipa "samaki wakipatikana", kwa kuwa huo ni muda usiojulikana. Lakini inafaa kabisa kuweka tarehe ya mwezi mwandamo baada ya siku zake za kazi. Wengi wanaoitwa wakaidi ni watu waliopangiwa tarehe isiyolingana na riziki yao.

Wachelewaji ni wawili
Wa kwanza ni mwenye dhiki. Katika Suratul Baqarah, aya ya 280, Allah (S.W.) ameamrisha apewe muhula mpaka apate wepesi, na akabainisha kuwa kusamehe ni bora zaidi. Muhula huu ni wajibu, na kusamehe ni sunna. Mwenye nyumba asipoweza kusubiri zaidi, Mashafii wamempa njia: mpangaji akihukumiwa kuwa amefilisika, mwenye nyumba ana haki ya kuvunja mkataba kwa muda uliobaki. Deni la nyuma hubaki.

Wa pili ni mwenye uwezo anayezungusha. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ameuita uchelewashaji wa mtu wa namna hii kuwa ni dhulma. Huyu hudaiwa, hushitakiwa, na kadhi humlazimisha alipe.

Faini
Kodi ikishafika wakati wake ni deni, na nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, hata ikiitwa faini, adhabu au gharama ya usumbufu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah iliamua hivyo mwaka 1990 kuhusu madeni ya malipo ya awamu, na mwaka 2000 ikabainisha kuwa sharti la adhabu halifai pale ambapo wajibu wenyewe ni deni. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameruhusu mdaiwa ajilazimishe kutoa sadaka akichelewa kwa makusudi, lakini isiingie mfukoni mwa mdai. Lililo salama ni kuomba rehani au mdhamini tangu mwanzo.

Kufuli na vyombo
Ndani ya muda wa mkataba, manfaa ya chumba ni mali ya mpangaji. Ukimfungia nje, huwezi kumdai kodi ya siku ulizomzuia. Vyombo vya mtu asiyekataa kulipa si halali kuvichukua. Ama masuala ya dhafar, yaani mtu kujichukulia haki yake, hayamhusu mwenye dhiki, na hayaruhusiwi yakileta fitna. Tanzania Bara yapo Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya chini ya Sheria ya mwaka 2002; huko ndiko kwa kupeleka shauri likishindikana kwa wazee na imamu.

Paa linalovuja
Ukarabati ni juu ya mwenye nyumba. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Hana ruhusa ya kuendelea kukaa bila kulipa kwa hoja ya paa bovu.

Msamaha, zaka na wakfu
Wapo wanaotaka kusamehe kodi na kuihesabu zaka. Kwa Mashafii, katika kauli sahihi zaidi, hiyo haitoshi. Lakini unaweza kumpa zaka mpangaji anayestahiki, bila sharti la kurudisha, na akitaka akalipia deni lake.

Aidha, msimamizi wa nyumba ya wakfu au ya yatima anaweza kumpa muhula mwenye dhiki, lakini hana haki ya kusamehe, kwani mali si yake. Maimamu wanaokusanya kodi za wakfu wa misikiti walizingatie hili sana.

Tunawausia pande zote mbili: andikeni, shuhudisheni, na mpangaji akiona atachelewa aseme kabla tarehe haijafika. Kunyamaza kwake humfanya mwenye dhiki adhaniwe mkaidi, na mjane anayemsubiri alale bila kujua kesho atapika nini.

Wallahu a'lam.