Mchuzi wa Kihindi: Usiogope Kitabu

Akina mama wengi huogopa kitabu cha mapishi ya Kihindi. Wakikuta viungo kumi katika ukurasa mmoja, hukifunga na kurudia mchuzi ule ule wa kila siku. Sisi twasema: usiogope. Hata waliozaliwa India huanza kwa kujifunza.

Madhur Jaffrey alizaliwa Delhi mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 alikwenda London kusomea uigizaji, naye hakujua kupika. Chakula cha huko kilipomshinda, alimwandikia mama yake amsaidie. Mama alimjibu kwa barua, akimweleza namna ya kupika vyakula vya nyumbani, na binti akajifunza kwa barua hizo. Mwaka 1973 kitabu chake cha kwanza cha mapishi kilitolewa Marekani, na mwaka 1982 alifundisha upishi katika televisheni ya BBC. Basi kitabu kizuri ni kama barua ya mama: kifuate kwa utulivu.

Tunakushauri mambo matatu. Kwanza, soma maelezo yote kabla ya kuwasha moto, na uweke kila kiungo tayari katika kisahani chake. Viungo vya unga huungua upesi, na vikiungua mchuzi huwa mchungu.

Pili, acha bizari iliyochanganywa dukani. Wapishi wa India huchanganya viungo kulingana na chakula. Anza na vinne tu: binzari nyembamba, giligilani, manjano na pilipili. Nunua kidogo kidogo, kwa maana vikishasagwa hupoteza harufu.

Tatu, usiharakishe vitunguu. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mchuzi wa kuku (watu 6)

Kuku 1 aliyekatwa vipande, vitunguu 2, vitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande kidogo, nyanya 3, giligilani ya unga vijiko vya chai 2, binzari nyembamba ya unga kijiko 1, manjano nusu kijiko, pilipili, chumvi na mafuta kiasi.

Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani, ukikoroga, hata viwe rangi ya kahawia. Huchukua kama dakika 15. Tia saumu na tangawizi zilizotwangwa, kaanga dakika 1. Tia viungo vya unga na maji kidogo visiungue. Tia nyanya, ukoroge mpaka zirojeke na mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Hiyo ndiyo dalili kwamba viungo vimeiva. Sasa tia kuku na chumvi, mgeuzegeuze, ongeza kikombe 1 cha maji, funika, uache achemke polepole dakika 40 au mpaka alainike.

Andaa kwa wali au chapati. Kisha waite mabinti, na wavulana pia, wapike nawe safari ijayo. Siku watakapoishi mbali na nyumbani, watajua kujilisha.